Ghorofa Tatu, Ratili Sawa

"Sufuria tano nilikuletea, Odoi, kutoka Busia mpaka hapa, mgongo ukanishika njiani. Sasa unaniambia keki iko tatu. Hizo mbili zinakwenda wapi?"

Imalingat alikuwa amesimama mlangoni pa jiko, vibanio vya baiskeli bado viko kwenye suruali, na kidole chake kinahesabu upya zile sufuria zilizopangwa moja ndani ya nyingine kama zilivyotoka dukani kwa Mhindi. Alikuwa karani wa mizani kwenye stoo ya pamba kule Mwello. Mtu aliyekaa miaka tisa akisoma mshale wa mizani haamini kitu anachoambiwa kwa mdomo tu. Kwake yeye sufuria tano ni keki tano. Zikipungua mbili, kuna mtu amezipeleka mahali, na hapo jikoni mtu alikuwa mmoja.

Bartholomew Odoi alifuta mikono kwenye aproni, aproni ya kweli yenye mfuko, ambayo hakuna mtu mwingine Kiyeyi nzima aliyekuwa nayo, akazitoa sufuria na kuzipindua juu ya meza. Kubwa chini, ndogo yake juu, hivyo hivyo mpaka ya tano.

"Karani, hii inafanana na nini?"

Imalingat akatazama. "Kichuguu."

"Haya." Odoi akaondoa ya pili na ya nne. "Na sasa?"

"Ngazi."

"Keki ya harusi ni ngazi. Kila ghorofa inaacha vidole vinne pembeni, pande zote, jicho lipate mahali pa kukanyaga. Ukizipanga zote tano vinabaki viwili tu, na hicho ni kichuguu."

Imalingat akaweka vidole vyake mwenyewe pembeni ya sufuria, maana vya Odoi vilikuwa vyembamba na mtu hajui, akapima mara mbili. Vilitosha vinne. Akasema sawa, lakini alisema kama mtu anayetia sahihi huku wakili wake hayupo.

Harusi yenyewe ilikuwa ya mtoto wake Edimu, aliyekuwa anamwoa Athieno, binti wa mzee Obbo wa hapo hapo Kiyeyi. Ng'ombe walikuwa wameshakwenda, mbuzi wameshakwenda, blanketi la mama mkwe limeshakwenda. Ilibaki keki, na keki lazima iwepo, kwa sababu mwaka huo hamsini na sita mtu akioa kanisani bila keki watu walisema ameoa nusu.

Sasa huyu Odoi alikuwa mtu wa namna gani? Alikuwa mpishi bila jiko. Miaka kumi na moja alipika kwa bwana mmoja wa reli mjini Tororo, kwenye nyumba ya vioo chini ya mwamba mkubwa wa mji huo. Huko ndiko alikojifunza keki, bila kusoma herufi hata moja: alishika vipimo vyote kwa vidole, kwa kikombe chenye mpini uliovunjika, na kwa wimbo mmoja wa kanisani ambao ukiuimba mara nne mayai yanakuwa yameshapigika. Bwana aliporudi kwao, memsahibu alimwandikia Odoi chiti, barua ya kuombea kazi. Chiti nzuri, karatasi nzito, yenye harufu ya sabuni. Odoi akaiweka ndani ya mkebe wa biskuti, akaanza kutembea nayo nyumba kwa nyumba. Kila Mzungu aliifungua, akasoma, akatabasamu, akasema tutakuita. Odoi alirudi nyumbani kila mara na furaha ya yale matabasamu. Mwaka wa pili ndipo mwalimu mmoja wa Sop Sop alipomsomea. Ilisema: Odoi ni mpishi mzuri sana, mradi mtu awe amesimama karibu yake.

Kwa wiki nzima alijaribu kuisikia kama sifa. Ikakataa.

Tangu hapo alikuwa anasonga ugali wa matanga na kuchemsha chai ya vikao vya parokia, na yule mpishi wa bwana wa reli alibaki kwenye aproni tu. Lakini sasa mlango ulikuwa umefunguka kidogo. Edimu alikuwa karani wa magunia kwenye kiwanda cha simiti, na memsahibu wa mhandisi wa kiwanda alikuwa amefukuza mpishi wake. Memsahibu huyo alialikwa harusini, na aliposikia kuna mtu anatengeneza keki kijijini, alimwambia Edimu kwamba chiti amesoma nyingi na zote zinadanganya. Yeye ataangalia keki kwanza. Akiipenda, mtu huyo aje Jumatatu. Jiko lake lilikuwa na macho manne na mlango wa kioo.

Kwa hiyo Edimu alikuwa anatafuta mke, na Odoi alikuwa anatafuta lile jiko, na wote wawili walitegemea Jumamosi moja. Ndiyo maana ile ngazi ya vidole vinne ilikuwa lazima isimame kama ngazi.

Jumapili, wiki mbili kabla, ukaitwa mkutano nyumbani kwa Obbo. Odoi alifikiri ameitwa kueleza habari ya mayai. Kumbe hapana. Imalingat alikuwa amekuja na sufuria zake tatu ndani ya gunia, akazipindua katikati ya kikao, wazee wakazitazama kama ng'ombe anavyotazamwa kabla ya kuchinjwa, kila mmoja akitafuta nyama yake.

Wa kwanza kusema alikuwa Okanya, kaka wa mama yake Athieno. Alikuwa mrefu, wa maneno machache, na kofia ya jeshi aliyorudi nayo kutoka Burma, ambayo hakuivua hata kanisani mpaka padri amtazame mara mbili.

"Kwa ng'ombe, mjomba nakula kidari," Okanya alisema. "Kwa hii keki, kidari iko wapi?"

Odoi akaeleza kwa heshima kwamba keki haina kidari. Inakatwa vipande vidogo, kama kidole gumba hivi, halafu kila mgeni anapewa kimoja.

Mzee Obbo akamuuliza taratibu, kama unavyomuuliza mgonjwa wa homa, kama alimaanisha kwamba mtoto wa jirani anaweza kula kabla ya mjomba. Odoi akasema ndiyo, anaweza. Na mpita njia? Naye pia, akialikwa. Obbo akatikisa kichwa, akawageukia wenzake, akasema sasa anaelewa kwa nini Wazungu wanaishi mbali mbali vile bila ndugu.

Ikakubaliwa kwamba keki itagawanywa kama watu wenye akili wanavyogawa. Ghorofa tatu, wenyewe watatu: upande wa bwana harusi, upande wa bibi harusi, na mjomba. 

Imalingat akachukua ghorofa ya juu, kwa kuwa yeye ndiye aliyeleta ng'ombe. Okanya akasema aichukue tu, ni saizi ya kofia yake ya Burma. Imalingat akaitazama tena ile sufuria ndogo, akaitazama na kofia, akasema baada ya kufikiri wao watakaa chini. Obbo akasema chini hapana, chini ni pake, kwa sababu boma ni lake na kila kitu kinasimama juu ya udongo wake. Hapo ndugu yake mmoja aliyekaa nyuma akauliza kama wamekubali kuwabeba hawa Wateso wa Imalingat kichwani, na juu ya Wateso wabebe na mjomba, wote siku moja, mbele ya padri. Obbo akaiacha chini mara moja kama mtu aliyekalia siafu.

Basi wote wakakimbia juu, wakakimbia chini, wakakutana katikati. Kwa muda mrefu ghorofa ya kati ilikuwa na wenyewe watatu na nyingine hazina mtu. Mmoja akashauri ghorofa zote ziwe saizi moja, watu wapumzike.

"Hiyo ni nguzo," Odoi alisema. "Nyinyi mtakuwa mmejenga nguzo ya choo."

Imalingat ndiye aliyekata shauri. Alisimama, akapandisha suruali, akawaeleza kwamba ukubwa ni mambo ya macho tu, na macho yamedanganya watu siku zote. Pamba iliyopulizwa inajaza gunia na si kitu. Haki iko kwenye uzito. Nani yuko juu, nani yuko chini, si neno, mradi kila ghorofa iwe na ratili sawa na mwenzake. Na mizani yeye anayo.

Okanya akacheka kwa mara ya kwanza siku hiyo. Miaka tisa alikuwa anapeleka pamba Mwello.

"Mizani yako hiyo, karani, tunajua yeye. Pamba yangu natoka nyumbani mnene, nafika kwako mgonjwa."

Wakacheka wote, hata Imalingat, ambaye alicheka kwa meno tu. Ikaamuliwa kwamba mizani itakuja, lakini ndoano itashikwa na Okanya, na mshale utasomwa na mwalimu wa katekisimu. Odoi hakuulizwa kama inawezekana. Alirudishiwa sufuria ndani ya gunia, akaambiwa asante, fundi.

Njiani alikuwa anasukuma baiskeli kama anasukuma maiti. Alikuwa anaona macho ya memsahibu juu ya kitu ambacho hajui hata kitafanana na nini, na halafu anaona lile tabasamu. Tutakuita.

Mkewe Loy alikuwa anasonga ugali alipoingia. Alimsikiliza mpaka mwisho bila kuinua kichwa, maana ugali wa mtama hausubiri.

"Wamesema uzito, Baba Kevina," akasema. "Wamesema na urefu?"

"Urefu hawakusema."

Loy akakata mabonge matatu ya ugali, akayapima kwa kiganja mpaka yakawa sawa. La kwanza akaligonga likawa sinia. La pili akaliacha nene kama ngoma ndogo, akaliweka juu ya sinia. La tatu akalizungusha kati ya viganja likawa refu kama muhogo, akalisimamisha juu ya ngoma. Likasimama.

Odoi akazunguka meza. "Mama Kevina, hii si ngazi."

"Inaacha vidole vinne pembeni?"

Akapima. Vilikuwepo. Kitu chenyewe kilikuwa kibaya, mtu hawezi kukificha, lakini vidole vinne vilikuwepo.

"Basi ni ngazi," Loy alisema. "Ila wa juu ana haraka. Sasa kula, na ile sufuria ya pili niachie, nataka kuchemsha maharage, yangu imetoboka."

Odoi akala ghorofa ya juu, halafu ya kati. Hakuwa na njia nyingine. Akikataa kazi, memsahibu hataona keki yoyote. Akiifanya, ataona hii. Usiku mzima aligeuka kitandani, na asubuhi akaamka akaanza kukusanya mayai.

Tanuri lake lilikuwa kichuguu cha nyuma ya nyumba, alichokichimba ndani mpaka kikawa na tumbo, akakiwekea mlango wa debe. Tanuri hilo halikuwahi kumwangusha. Sufuria kubwa iliingia mara moja ikiwa na rojo kidogo tu, ikatoka keki ya vidole viwili unene, pana kama ungo. Ile ya kati ikatoka vidole vinne na zaidi kidogo. Ile ndogo iliingia motoni mara tano, keki tano ndogo, akazibandika moja juu ya nyingine kwa jemu ya machungwa, na ilipofika ya tano ikaanza kuinama kama mlevi anayesikiliza siri. Odoi akachonga ufito wa mwanzi, akauchoma katikati kutoka juu mpaka chini. Ikanyooka. Hakumwambia mtu.

Sukari ya kupaka aliitwanga mwenyewe, maana ile laini ya dukani ilikuwa imekwisha. Akaitwanga kwenye kinu cha Loy, kinu cha karanga, akaichuja na kitambaa, akapiga na ute wa mayai akiimba wimbo wake mara sita. Ilipokolea, haikuwa nyeupe. Ilikuwa na rangi ya kijivu, kama vumbi la barabara ya Malaba baada ya lori kupita. Loy akaitazama akasema inapendeza, na Odoi akajua kwamba ni mbaya kweli kweli.

Alhamisi, siku mbili kabla ya harusi, ikawa siku ya mizani. Waliitundika kwenye miti mitatu iliyofungwa pamoja uani kwa Obbo, Okanya kwenye ndoano, mwalimu wa katekisimu kwenye mshale, Imalingat pembeni mikono nyuma, akiumia kuona mtu mwingine anasoma mizani yake. Ghorofa ya kwanza: ratili saba. Ya pili: saba na robo. Okanya akaitisha kisu. Kikakatwa kipande kutoka ya pili, na kwa kuwa kipande hakiwezi kutupwa, wazee wakakila. Ikapimwa, ikaonekana sasa imepungua. Wakakata kutoka ya kwanza, wakakila. Ya tatu ikawa imezidi zote mbili. Wakakata.

Baada ya mzunguko wa nne Odoi aliona kwamba haki ikiendelea hivi, Jumamosi watu watakula sinia. Aliona pia kwamba midomo ya wazee imeanza kung'aa na mwalimu wa katekisimu anausoma mshale kwa njaa. Akaingia katikati akasema tofauti iliyobaki ni ndogo, yeye ataimaliza kwa sukari ya juu.

"Na hiyo chokaa yako," Okanya aliuliza, "nani napima?"

Basi sukari nayo ikapimwa. Vikombe vinne kila ghorofa, kikombe cha mpini uliovunjika, mbele ya mashahidi. Unaweza kuona mwenyewe kilichotokea. Sinia la chini, pana vile, lilipakwa vikombe vinne na bado lilikuwa linaonyesha keki kama shati la zamani linavyoonyesha ngozi. Ile ndefu ya juu, kwa vikombe vile vile vinne, ikanenepa, ikawa laini, ya kijivu, duara, kama imepigwa lipu na fundi.

Ikabaki neno moja. Bwana na bibi harusi watakata wapi, kama kila ghorofa ina mwenyewe? Imalingat akasema wasikate kwake. Obbo akasema hapana kwake. Okanya akashika tu kofia. Odoi alikuwa amelifikiria hilo. Akawaambia ataoka ndogo nyingine kwenye ile sufuria ya nne, isiyo na mwenyewe, ndiyo watoto wakate. Imalingat akamtazama kwa macho ya ushindi.

"Nilisema nini? Ya nne ina kazi."

Jumamosi ikafika. Athieno alipendeza, Edimu alitoka jasho, padri alimtazama Okanya mara mbili na kofia ikavuliwa. Kutoka kanisani watu wakaja na ngoma na vigelegele mpaka kwa Obbo, chini ya banda la majani ya migomba, na hapo mezani ilikuwa imesimama ile kazi. Watu wa kawaida waliitazama wakasema ndefu. Waliporudia kuitazama wakasema ndefu sana. Mwanamke mmoja aliuliza kama itakaa mvua ikija.

Odoi alikuwa nyuma ya sufuria za pilau, aproni imefuliwa, mkebe wa biskuti kwapani. Aliisikia motokaa ikisimama barabarani. Alimwona memsahibu wa mhandisi akiingia, mwembamba, na kofia ya majani, mumewe nyuma yake akipangusa vumbi. Wakapewa viti. Memsahibu hakukaa. Alikwenda moja kwa moja mezani, akasimama mbele ya keki.

Odoi alihesabu pumzi zake mwenyewe. Memsahibu akazunguka upande wa pili. Akainama akatazama sinia. Akainua kichwa polepole akiifuata ile ya juu mpaka kileleni. Halafu akaweka mkono mdomoni, na mabega yakaanza kutikisika, na Odoi akajua ni lile tabasamu, safari hii limekuwa kubwa mpaka linahitaji mkono. Akaanza kufungua aproni.

"Nani natengeneza hii kitu?" memsahibu akauliza.

Watu wakamsukuma Odoi mbele. Akaja akiwa na kamba ya aproni mkononi.

"Ni mimi, memsahibu."

"Wewe naona wapi?"

Odoi hakuelewa. Memsahibu akamwita mumewe, wakasemezana Kizungu, na yule mhandisi akavua kofia yake, akacheka mpaka akashika meza, akaanza kuonyesha kwa kidole. Memsahibu akamgeukia Odoi tena, na uso wake ulikuwa unawaka.

"Hii chini, ile kiwanja ya kiwanda. Hii katikati, tangi. Na hii," akainua mkono juu kabisa, "hii bomba ya moshi. Bomba ya sisi, sawasawa. Hata rangi ya simiti. Wewe nafikiri peke yako?"

Odoi akamtafuta Loy kwa macho. Loy alikuwa anatazama paa la banda kana kwamba kuna ndege. Kweli, ukisimama pale mezani, ukitazama juu ya migomba upande wa Tororo, bomba la kiwanda linaonekana, la kijivu, limesimama peke yake juu ya kila kitu. Odoi alikuwa analiona kila siku. Hakulifikiria hata siku moja.

"Ndiyo, memsahibu," akasema.

Akafungua mkebe akatoa na chiti, kwa kuwa mkono ulikuwa lazima ufanye kitu. Memsahibu akaisoma. Akafika mwisho, akainua macho, na lile tabasamu Odoi alilolijua likaanza kuja pembeni ya mdomo.

"Hapa naandika wewe napika mzuri kama mtu nasimama karibu."

"Wamesimama wengi, memsahibu," Odoi alisema. "Ndiyo maana imekuwa hivi."

Mhandisi alipotafsiriwa akacheka tena, akamshika bega. Basi ikawa imekwisha. Jumatatu, saa moja asubuhi, nyumba ya tatu baada ya geti. Na mwezi wa Disemba kiwanda kina sikukuu yake: memsahibu anataka bomba kama hili hili, kubwa zaidi, na mabehewa ya reli pembeni, na kama inawezekana, moshi. Odoi akasema moshi unawezekana. Hakujua kwa njia gani, lakini siku hiyo hakuona sababu ya kukataa kitu.

Wazee, waliokuwa wamekaa karibu, wakaanza kuelewa polepole. Obbo akauliza kama binti yake ameolewa na Edimu au ameolewa na kiwanda. Imalingat akajibu kwamba kiwanda ni kazi ya Edimu, kwa hiyo keki ilikuwa ya upande wake tangu mwanzo, jambo ambalo alisema lingeweza kufikiriwa kwenye mgao. Bwana na bibi harusi wakakata ile keki yao ndogo ya sufuria ya nne, wakalishana, watu wakapiga makofi, na wageni wakapata kila mmoja harufu. Halafu ghorofa zikashushwa, kila mwenyewe akachukua yake. Obbo akapewa sinia, Imalingat ngoma, mjomba bomba.

Okanya alilipokea kwa mikono miwili. Akalilaza kwenye jani la mgomba, akaanza kulifunga kwa safari, na hapo akaona kitu kimetokeza chini. Akakivuta. Mwanzi ukatoka, mrefu, umejaa makombo.

"Odoi," akasema. "Huu mwanzi napimwa?"

Odoi alikuwa uani, anarudisha sufuria moja ndani ya nyingine. Imalingat akamwahi kujibu. Akasema kama mwanzi haukupimwa, basi mjomba amepewa ratili zake kamili na mwanzi juu yake, na hiyo ni zaidi ya wenzake. Okanya akasema hapana, mwanzi unapoingia keki inatoka, hayo makombo yote ni nyama yake iliyotobolewa, yeye ndiye aliyeibiwa. Obbo, ambaye sinia lake lilikuwa limeshavunjika mara mbili mikononi mwa wakeze, akasema yeye hajui habari ya mwanzi, lakini mizani irudishwe, tuanze upya, na mara hii mwanzi upimwe peke yake. Mtu akatumwa mbio Mwello kuileta. Memsahibu akamuuliza mumewe kitu, mumewe akatazama saa.

"Mpishi," Okanya aliita. "Kuja hapa katikati. Wewe ndiye najua mwanzi uliingia lini."

Odoi alikuwa ameshavaa koti juu ya aproni. Asubuhi ile kabla ya misa, binamu yake alikuwa amemletea habari kutoka Sop Sop kwamba nguruwe wa Odoi aliyefugwa huko ameanza kukusanya majani, na nguruwe akianza majani, huyo ni wa siku hiyo hiyo. Mwaka jana alizaa peke yake akalalia watoto watano.

"Wazee wangu, mnisamehe," akasema. "Nguruwe wangu anazaa."

Akamkabidhi Imalingat sufuria, akawashika mikono wote watatu, Okanya kwa mkono wa kushoto kwa kuwa wa kulia ulikuwa na mwanzi, akapanda baiskeli. Nyuma yake ile sauti ya mwanzi na ratili ilikuwa inapanda. Alipofika kwenye mteremko akasikia sauti nyingine juu yake, ya karani aliyemaliza kuhesabu.

"Odoi! Hizi ni nne. Ya pili iko wapi?"

Ya pili ilikuwa kwa Loy, na maharage ya Jumapili ndani. Odoi akapiga kengele mara moja, akaachia breki, akateremka kuelekea Sop Sop.